Mliosoma Kirusi nje: safari ya kurudi nyumbani ilikuwaje? Yangu ndiyo iliyonionyesha nimejifunza nini

#1 – Mleta uzi

Wakuu, habari za muda huu.

Nimerudi wiki mbili zilizopita kutoka Voronezh, Urusi, nilikokuwa kwa muhula mmoja nikisoma Kirusi. Nilianza Septemba nikamaliza mwisho wa Januari. Kabla sijaenda nilipekua sana humu na kwingine nikitafuta waliotangulia. Nyuzi za kuomba nafasi, za baridi na za maisha ya hosteli ziko tele. Za siku ya kuondoka sikuona hata moja. Watu wanaishia kwenye mitihani, halafu ghafla wako nyumbani wanapokelewa. Kwangu hapo katikati ndipo palipokuwa na mambo.

Miezi mitano yote sikuwa na hakika kama najua Kirusi. Darasani mwalimu anakuelewa kwa sababu amezoea makosa yako. Hosteli tulikuwa watu wanne wa mataifa matatu chumba kimoja, na Kirusi chetu kilikuwa kibovu kwa namna moja, kwa hiyo tulielewana. Siku tatu za kurudi ndizo zilizonitoa kwenye kivuli hicho. Nilikuwa peke yangu, mizigo mkononi, muda unakwenda, na kila niliyekutana naye hakuwa na sababu ya kunivumilia. Naziandika hapa kabla hazijafifia.

Kwanza kuna karatasi inaitwa *obkhodnoy list*. Huondoki chuoni bila hiyo. Ni karatasi moja yenye mistari, na kila mstari unataka saini: maktaba kwamba huna kitabu chao, hosteli kwamba umerudisha mashuka na funguo, uhasibu kwamba hudaiwi, na mwisho dekanati, yaani ofisi ya mkuu wa kitivo. Jina lenyewe linatokana na kuzunguka, na kweli unazunguka. Unabisha hodi ofisi moja baada ya nyingine na kila mlango unaanza upya: mimi ni nani, nimetoka kitivo gani, naondoka lini, kwa nini.

Hapo ndipo saa iliponipiga. Nilipatana na komendanti, yaani msimamizi wa hosteli, aje akague chumba saa mbili asubuhi. Kichwani nikafikiri kwa Kiswahili, mdomoni nikasema *zavtra v dva*, kesho saa mbili. Nikaamka alfajiri, nikakunja mashuka, nikafuta meza, nikakaa ukingoni mwa godoro tupu. Saa mbili ikapita, ikafika tatu, nne. Kwao *v dva* ni saa nane mchana, na mama wa watu alikuja saa nane kamili, akashangaa kunikuta nimevaa koti. Ilikuwa Ijumaa, na ofisi zile Ijumaa hufunga mapema. Nilikimbia kwenye theluji na karatasi yangu ndani ya kifua cha koti, nikamkuta katibu wa dekanati ameshavaa kofia yuko kwenye korido anafunga mlango. Sikuwa na muda wa kutafuta sarufi. Nilisema tu kwamba treni yangu ni leo usiku, kwamba kosa ni langu, kwamba nilichanganya saa kwa sababu kwetu siku huanza kuhesabiwa asubuhi. Akasimama akanisikiliza mpaka mwisho. Akaweka ile karatasi kwenye kizingiti cha dirisha, akatia saini kwa kalamu yake mwenyewe, akafungua mlango tena kwenda kuchukua mhuri.

Nilipotoka nje ndipo nilipogundua nimezungumza kama dakika tatu mfululizo na hakuna aliyeniuliza mara mbili. Miezi mitano, sijawahi.

Nitaendelea na treni nikitulia. Waliopita njia hii naomba mchangie.

#2

Naweka kambi hapa dada. Nipo Kazan, namaliza kozi yangu ya lugha wiki hii, Alhamisi natoka. Hii ya obkhodnoy list ndiyo naimalizia sasa hivi, nimebakiza maktaba. Treni tafadhali usichelewe.

#3

Ushauri kwa wote kabla mleta uzi hajaendelea. Angalieni tarehe ya viza kabla ya kununua tiketi. Wengi huingia kwa viza ya kuingia mara moja ya miezi mitatu, kisha kitengo cha wanafunzi wa kigeni kinakuongezea mkiwa huko huko. Rafiki yangu alidhani kwa kuwa ana karatasi ya kuandikishwa makazi basi yuko salama. Viza ilikuwa imeisha siku mbili kabla ya ndege. Kule huwezi kuondoka na viza iliyoisha ukasema "si naondoka jamani". Unatakiwa upate kwanza viza ya kutokea. Ndege iliondoka yeye yuko kwenye foleni ya uhamiaji, na tiketi ilikwenda na maji.

Pia ile kadi ya uhamiaji, *migratsionnaya karta*, kale kakaratasi unakopewa unapoingia mpakani. Kanaonekana kama risiti. Usikatupe wala kukapiga pasi pamoja na nguo. Unapotoka wanakataka.

#4 – Mleta uzi

#3 asante sana, hilo la viza ni kubwa kuliko yote niliyoandika. Mimi kadi niliibandika kwa klipu ndani ya pasipoti tangu siku ya kwanza, alinifundisha msichana wa Vietnam niliyekuwa nakaa naye chumba kimoja.

Sasa treni.

Uwanja wa ndege wa Voronezh ulikuwa umefungwa kwa abiria tangu Februari 2022, pamoja na viwanja vingine vya kusini mwa Urusi. Kwa hiyo safari yangu ilianzia reli, kama kilomita 500 hadi Moscow. Nilikata ya usiku, daraja la *platskart*, lile behewa la wazi lisilo na milango, vitanda 54.

Kabla hatujatoka chumbani, wenzangu walinizuia. Mizigo iko mlangoni, teksi iko chini, wao wanasema tukae. Ni desturi ya Warusi: kabla ya safari ndefu wote mnaokaa na anayeondoka mnakaa kimya kidogo, *prisyadem na dorozhku*. Katika chumba kile hakukuwa na Mrusi hata mmoja. Mvietnam, Waturkmeni wawili na mimi. Tulikaa juu ya vitanda bila kusema kitu, taa ya korido inapita chini ya mlango, na mmoja wa Waturkmeni ameshika mkanda wa begi langu kama mtu aliyemshika mtoto mkono. Kisha tukasimama pamoja. Sikulia hapo, nililia kwenye teksi.

Kwenye treni mhudumu wa behewa anasimama mlangoni, analinganisha tiketi na pasipoti yako kabla hujapanda. Nikapewa mashuka yaliyofungwa kwenye nailoni. Nikaenda kuchukua maji ya moto kwenye lile pipa la mwisho wa behewa, mhudumu akanipa glasi iliyokaa ndani ya kishikio cha chuma chenye nakshi, *podstakannik*. Treni ikitikisika kijiko kinagonga glasi, ting ting ting, behewa zima. Mpaka leo nikifumba macho hiyo ndiyo sauti ya Urusi kwangu.

Kitanda cha chini mkabala na changu alikuwa bibi mmoja anakwenda kwa mwanawe. Akaniuliza nakwenda wapi. Nikajibu kwa furaha, *ya idu domoi*, naenda nyumbani. Akaniangalia, akaniuliza kwa upole: kwa miguu?

Mliosoma mnajua. Kwetu kwenda ni kwenda. Unakwenda kwa miguu, kwa basi, kwa ndege, kitenzi ni kile kile. Wao wana *idti* kwa anayetembea na *yekhat* kwa anayepanda chombo, halafu kila kimoja kina mwenzake wa safari za kwenda na kurudi au za mazoea, *khodit* na *yezdit*. Nilizijua zote kwenye karatasi, nilipata alama nzuri kwenye zoezi lile. Bibi akanyoosha kidole dirishani ambako taa za nje zilikuwa zinapita, akasema: *ne idyosh, a yedesh*. Hutembei, unapelekwa na chombo. Tangu hapo sijakosea tena, kwa sababu kila nikitaka kusema namwona bibi yule na zile taa.

Halafu akaniuliza mitihani ilikwendaje. Nikasema *ya sdavala*. Akangoja. Kumbe hapo nimesema nilikuwa nafanya mtihani, basi, matokeo hayajulikani. *Nu i kak, sdala?* Je, umefaulu? Ndiyo, *sdala*. Herufi mbili tu zimeondoka katikati ya neno, na mtu mzima alikuwa amekaa mbele yangu na wasiwasi wa matokeo yangu.

#5

Dada umenigusa hapo kwenye sdavala na sdala. Mimi ni mwalimu wa lugha, na Kirusi nilikisoma zamani kidogo. Naomba niongeze jambo kwa wanaoanza.

Msikubali kuambiwa kwamba Kirusi ni kigumu kwa msemaji wa Kiswahili kuliko kwa wengine. Kuna vitu tumeshavibeba kutoka nyumbani. Upatanisho wa kisarufi unawatesa sana watu ambao kwenye lugha zao kivumishi hakibadiliki. Sisi mtoto wa miaka mitatu anasema kitabu changu kizuri kimepotea, kila neno limevaa sare ya kitabu. Kirusi nacho kinataka sare hiyo kwenye *moya novaya kniga*, kitabu changu kipya. Wao wana jinsia tatu, sisi tuna ngeli zaidi ya hizo. Hata wazo la mahali tunalo, ile -ni ya nyumbani, mjini, shambani. Wao nao hubadili mwisho wa neno kuonyesha mahali.

Panapotuangusha ni mkazo. Kiswahili mkazo uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, karibu kila neno, na ulimi wetu umeshaganda hapo. Kirusi mkazo unaruka popote na ukikosea umesema neno jingine. *Zamok* ukikazia mwanzo ni ngome, ukikazia mwisho ni kufuli. *Muka* ukikazia mwanzo ni mateso, ukikazia mwisho ni unga. Nawaambia wanafunzi wangu: kila neno jipya liandike na alama ya mkazo, kama vile huwezi kuandika nomino ya Kiswahili bila kujua wingi wake.

#6 – Mleta uzi

Mwalimu, shikamoo. Umegusa kidonda changu cha uwanja wa ndege, ngoja nikieleze.

Nilifika Domodedovo, uwanja wa ndege wa Moscow, mapema. Wasiojua: kule ukaguzi wa mizigo unaanzia mlangoni mwa jengo, kabla hata hujaona kaunta, kwa hiyo pangeni muda. Begi langu lilizidi kilo. Vitabu. Nilikuwa nimeapa kuviacha, nikashindwa, maana pembeni mwa kila ukurasa kuna mwandiko wangu wa Septemba nilipokuwa bado nachora herufi moja moja.

Dada wa kaunta akanitajia kiasi. Nikataka kumwambia sawa, nalipa. Nikasema *ya plachu*, mkazo pale pale unapokaa kwa Kiswahili, silabi ya pili kutoka mwisho. Kulipa mkazo uko mwisho, *plachú*. Ukikazia mwanzo, *pláchu*, maana yake ni nalia.

Akainua macho kutoka kwenye kompyuta. Nilikuwa nimelala kwa muda wa saa tatu tu kwenye treni, na nadhani uso wangu haukupingana na nilichosema. Akaniuliza taratibu, kwa nini unalia, unaondoka moja kwa moja? Ndipo nikaelewa nilichotamka. Nikamrekebishia, tukaishia kuzungumza kidogo, akaniambia nitoe vitabu viwili vizito niviweke kwenye mkoba wa mkononi, uzito ukashuka, na kiasi cha kulipa kikapungua sana. Nimekaa na jambo hilo wiki mbili. Kosa lilikuwa la mkazo tu, lakini lilisema kweli ambayo nisingeisema kwa kukusudia.

#7

Mimi nitakuwa mkweli, mniwie radhi. Muhula mmoja hautoshi kitu. Nilikwenda kama wewe mwaka 2018, nikarudi nimejaa maneno, baada ya miezi sita yamebaki asante na kwaheri. Lugha bila wa kuzungumza naye ni kama ndoo iliyotoboka. Kama huna mpango wa kurudi kusoma shahada kule, naona gharama na muda vimepotea. Nasema kwa uchungu wangu, si kwa kukuvunja moyo.

#8

Vijana, mniruhusu mtu mzima nichangie.

Mimi nilifika Moscow mwaka 1979, chuo kile ambacho wakati wetu tuliita Lumumba tu. Kilianzishwa 1960, kikapewa jina la Patrice Lumumba 1961 baada ya kuuawa, jina likaondolewa 1992, na limerudishwa 2023. Mwaka wa kwanza wote ulikuwa wa lugha, *podfak*, ndipo unaingia kwenye fani. Sikurudi nyumbani mwisho wa muhula wala mwisho wa mwaka. Barua ilichukua majuma. Kwa hiyo binti, wewe uliyepata kurudi baada ya miezi mitano ukaweza kupima ulichovuna, ulipata nafasi ambayo sisi hatukuwa nayo.

Kwa ndugu wa #7: nimekaa zaidi ya miaka ishirini bila mtu wa kuzungumza naye Kirusi. Nilidhani kimekufa. Siku moja hospitali nikamkuta daktari anaongea na mgonjwa kwa Kirusi, na mgonjwa haelewi alichoambiwa kuhusu dawa. Nilifungua mdomo ili niwapishe njia, ikatoka sentensi nzima, na baada yake nyingine. Maneno yalikuwa yamelala, hayakuwa yamekwenda. Jambo moja tu nililofanya miaka yote hiyo: kila usiku kabla ya kulala nilihesabu siku yangu kwa Kirusi. Niliamka, nilikula, nilikwenda, nilirudi. Vitenzi tu, wakati uliopita. Dakika mbili.

#9 – Mleta uzi

Shikamoo mzee wangu. Nimeanza jana usiku hilo la vitenzi. Nimekwama kwenye "nilipika" nikalala na kamusi kifuani, lakini leo narudia.

#7, nimekuelewa na sikukasirika, uchungu wako nauona. Lakini sikubali kwamba umepoteza. Nikueleze kilichotokea kwenye transiti, ndipo utajua kwa nini nakataa.

Tulishuka Istanbul, saa sita za kusubiri. Kitu cha kwanza nilichojifunza pale ni cha pesa, nawapa na nyie: kadi ya Mir, kadi ya benki ya Kirusi, haikunifaa kitu nje ya Urusi. Tangu Machi 2022 kadi za Visa na Mastercard zilizotolewa nje hazifanyi kazi Urusi, na zilizotolewa Urusi hazifanyi kazi nje. Kwa hiyo unaishi na Mir muhula mzima, unaizoea, halafu unavuka mpaka nayo inakuwa kipande cha plastiki. Mimi nilikuwa na noti chache za dola kwenye soksi kwa sababu ya ushauri wa yule yule Mvietnam. Mtu asiondoke bila fedha taslimu ya kumtosha transiti nzima na usiku mmoja wa dharura.

Sasa nimekaa naangalia ubao wa ndege. Mama mmoja wa makamo, kilemba cha sufi, pasi ya kupandia ndege mkononi, anasimamisha kila mtu anayepita na kuonyesha karatasi. Wafanyakazi wanamjibu kwa Kiingereza, anatikisa kichwa, wanaongeza sauti, anatikisa tena. Alikuwa anazungumza Kirusi. Watu wanapita, hakuna anayesimama.

Nikainuka. Nikamwuliza *vam kuda?* Maneno mawili tu, unakwenda wapi. Alinishika mkono wa koti kwa mikono miwili. Akanimiminia maneno ambayo nusu yake sikuyashika, lakini nilishika yaliyotosha: geti limebadilishwa, yeye hajui, anakwenda Bishkek kwa mama yake ambaye ni mgonjwa. Nikamwambia twende. Na hapo kitenzi kilikuja chenyewe, *poydyomte*, cha miguu, kwa sababu safari hii kweli tulikuwa tunatembea. Tulitembea kama dakika kumi na tano, yeye akinieleza habari za mama yake, mimi nikimjibu sentensi fupi fupi. Mlangoni akanibusu shavuni akaniambia *schastlivogo puti*, safari njema. Nikarudi kwenye kiti changu mikono inatetemeka.

Yule mama si Mrusi, ni Mkirgizi. Mimi si Mrusi. Tulikuwa Uturuki. Na lugha niliyoisoma miezi mitano ilimpeleka kwa mama yake. Ndugu yangu #7, hata nikisahau yote kesho, hilo limeshafanyika.

#10

Nimesoma #9 mara mbili. Sina cha kuongeza, nimeguswa tu.

Swali la kweli: hivi sasa unafanyaje ili kisipotee? Mzee ametoa lake. Wewe je?

#11 – Mleta uzi

Naogopa, nikuambie ukweli. Juzi nilitafuta neno la mto wa kulalia dakika nzima, neno nililolitumia kila siku. Ndiyo maana nimefungua uzi huu.

Ninachofanya kwa sasa ni kuzungumza na wale wenzangu watatu wa chumbani. Watu huwa wanatafuta Warusi wa kuzungumza nao, wakikosa wanakata tamaa. Mimi na yule Mvietnam hatuna lugha nyingine yoyote ya pamoja. Kiingereza hajui, Kivietnam sijui. Tukitaka kusikilizana lazima kiwe Kirusi, hakuna mlango wa kutorokea. Kila Jumapili tunapigiana, na kila mmoja anajua udhaifu wa mwenzake. Yeye anameza miisho ya maneno, mimi nakosea mkazo. Tunasahihishana kama zamani tukikaanga viazi jikoni kwa zamu.

Jambo la pili ni mwandiko. Mwalimu wetu wa fonetika alinipa kadi siku ya mwisho, ameandika kwa mkono. Wanaojua mwandiko wa Kirusi wananielewa: *т* inaandikwa kama m, *д* kama g, *п* kama n, zikiungana unaona mawimbi ya bahari tu. Oktoba nisingesoma hata mstari mmoja. Niliifungua kwenye ndege, baada ya Istanbul. Ilinichukua kama saa nzima, nikiweka kidole chini ya kila neno. Aliandika kwamba wiki ya kwanza nilikuwa naongea nikiangalia sakafu, na wiki ya mwisho nilikuwa naongea nikimwangalia yeye. Sasa kila siku nainakili kadi ile mara moja kwa mkono wangu.

#12

Wa Kazan #2, bado upo? Ndege yako ni ya uwanja gani?

#13

Nipo mkuu. Domodedovo, Ijumaa mchana. Treni yangu inaingia kituo cha Kazansky, Moscow, asubuhi. Sijawahi kupita Moscow peke yangu, nilipokuja nilipokelewa. Nina begi moja kubwa na moja dogo. Obkhodnoy list imekamilika leo, saini zote, asanteni. Na nimeuliza saa ya kukabidhi chumba mara tatu, nikaonyesha na vidole.

#14

Vizuri. Sikiliza basi, mimi nimepita hapo mara nyingi. Ukitoka Kazansky ingia metro kituo cha Komsomolskaya, chukua njia ya mzunguko, ile ya kahawia. Vituo vinavyofuata ni Kurskaya, Taganskaya, halafu Paveletskaya. Shuka hapo. Juu yako ndipo kituo cha treni cha Paveletsky, na Aeroexpress, treni ya uwanja wa ndege, ya kwenda Domodedovo inatoka hapo, kama dakika 45.

Usibabaike na ubao. Sikiliza sauti inayotangaza vituo. Kwenye njia hiyo ya mzunguko, treni zinazokwenda kama mshale wa saa zinatangazwa na sauti ya mwanaume, za kinyume na sauti ya mwanamke. Wewe unataka ya mwanaume. Ukisikia mwanamke, shuka kituo kinachofuata, vuka upande wa pili. Ukikosea kabisa bado utafika, maana ni mduara, ila utachelewa.

Kadi ya uhamiaji iko wapi?

#15

Ipo ndani ya kitabu cha mazoezi, nadhani.

#16 – Mleta uzi

Mdogo wangu, "nadhani" haifai hapo. Inuka sasa hivi uitafute, iweke ndani ya pasipoti, pasipoti mfuko wa ndani wa koti. Na badilisha rubli zako mapema, usingoje uwanjani. Ukikalishwa kabla ya kutoka, kaa, usiwaharakishe.

Nilipotua nyumbani, kabla sijaona mtu, simu iliwaka. Kundi letu la chumbani, wote watatu wameandika swali moja kwa saa tofauti, *doletela?* Kwao ukisafiri watu hawakuulizi habari, wanataka neno moja tu la kwamba umefika. Nikajibu *doletela*. Ukifika na wewe tuandikie humu.

#17

Nimeipata. Haikuwa kwenye kitabu cha mazoezi, ilikuwa ndani ya kamusi. Asante dada. Nitaandika.

#18

Binti, na wewe kijana wa Kazan, safari njema. Tunasubiri.

#19

Doletel. Sauti ilikuwa ya mwanaume. Nikiamka nitaandika mengine.